Homa ya Namba Mbili

Kila Jumatatu asubuhi Bwana Zadock Oluoch, meneja wa kiwanda cha barafu, alikuwa na ibada yake ndogo. Alichapisha karatasi ya rangi iliyotumwa kutoka Nairobi, akaibandika kwa selotepu kwenye mlango wa ofisi yake, akarudi nyuma hatua mbili na kuitazama mikono kiunoni. Jumatatu hii karatasi ilisema kwamba kompresa namba mbili ina afya ya asilimia tisini na saba. Nekoye Waliaula, mhandisi wa mitambo, aliisoma huku kikombe cha chai kikiwa mkononi, na hamu ya chai ikamwisha.

"Madam Engineer, umeona?" meneja alimwuliza. "Ninety-seven. Mimi mwenyewe nikienda hospitali sipati hiyo."

"Nimeona, Boss. Ndiyo inanisumbua."

"Wewe kitu mzuri inakusumbua, kitu mbaya inakusumbua. Sasa tukuletee nini?"

Nekoye alikiweka kikombe chini. Jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa na maneno ambayo binti wa mchungaji hayatamki kabla ya saa tatu asubuhi.

Kiwanda chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikaa kando ya ziwa, hapa Kisumu, kompresa mbili zikisukuma gesi ya amonia kwenye mabomba, maji yakiganda kuwa mapande ya barafu, na ilipofika saa nne magari ya wachuuzi wa samaki yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani. Bila barafu ile, mbuta wote waliovuliwa upande wa Bondo wangekuwa chakula cha nzi kabla ya adhuhuri. Kompresa namba moja ilikuwa mpya. Namba mbili ilikuwa na umri wa kuitwa bibi, na ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa, kwa sababu hivyo ndivyo mambo yanavyogawanywa duniani.

Desemba iliyopita beringi ya namba mbili, ile pete ya chuma inayoshika mhimili unaozunguka, ilikwama ghafla, mchana kweupe. Bomba likapasuka na amonia ikajaa chumba cha mashine. Walter, mwendeshaji aliyekuwa karibu nayo zaidi, alitoka akitambaa, na Bwana Oluoch akamkimbiza hospitali kwa gari lake mwenyewe. Alilazwa wiki mbili. Tangu siku hiyo jicho lake la kushoto hutoa machozi bila ruhusa yake, akila, akicheka, akisikiliza mpira redioni. Kabla ya siku ile kila mfanyakazi pale alijigamba kwamba anaijua mashine kwa kusikiliza mngurumo wake tu, na siku yenyewe ilipofika hakuna sikio hata moja lililosikia kitu.

Ndiyo maana Nekoye alipigania vihisi, akavipigania mpaka meneja akawa anabadilisha njia akimwona. Vilikuwa vidude vya ukubwa wa kifuniko cha soda, vimebanwa kwenye mwili wa kompresa, vikipima joto na mtikisiko kila sekunde na kupeleka habari kwenye kompyuta yake na kwa waliovileta kule Nairobi. Joto la beringi likifika nyuzi themanini, kengele inalia na ujumbe unaingia kwenye simu. Wafanyakazi waliviita vipele. Nekoye alipokuwa akivifunga, Walter alimshikia tochi, jicho likimchuruzika, na Nekoye akamwahidi kwamba mambo ya Desemba hayatarudi.

Ahadi ni rahisi. Kilichomshinda ni watu. Mwanzoni ujumbe wa kengele uliingia kwenye kundi la WhatsApp la kiwanda, Familia ya Barafu, ambalo kazi yake hasa ni matangazo ya matanga na baraka za asubuhi. Siku moja ya Februari ujumbe "Kompresa 2, joto 83" uliingia mara tu baada ya sala ya mama wa jikoni, na watu kumi na wanne wakaujibu Amina. Kumi na wanne! Hakuna hata mmoja aliyeinuka kwenda kuitazama mashine. Nekoye alipanda ngazi kwa meneja na hasira zake. Alitaka kila kengele inapolia, mwenye zamu aandike kwa mkono wake imelia kwa nini na amefanya nini. Bwana Oluoch, ambaye anapenda barua kuliko anavyopenda barafu, alilipokea wazo hilo kwa mikono miwili, kisha akaliongezea la kwake: barua tatu, mtu aende nyumbani. Nekoye aliisikia nyongeza hiyo. Alikuwa amechoka, alitaka tu watu waamke, akasema liwalo na liwe. Na kweli waliamka. Kufikia mwisho wa Machi kengele zilikuwa zimepungua, na kufikia Mei zikawa zimeisha kabisa.

Sasa ilikuwa Juni, na kulikuwa na jambo lisilomwingia akilini. Mita ya umeme ilionyesha kwamba kila wiki namba mbili inavuta umeme zaidi, na barafu haijaongezeka hata pande moja. Mtikisiko nao ulikuwa ukipanda, pole pole, haujafika kiwango cha kengele lakini unapanda. Joto peke yake ndilo lililokuwa shwari. Huyu mgonjwa anakula kupita kiasi na anatetemeka, lakini hana homa. Nekoye hakuwa daktari, ila alikuwa amelea watoto wawili, na hakuwahi kuona ugonjwa wa namna hiyo.

Akampigia simu Terry, mchambuzi wa ile kampuni ya Nairobi, msichana mwenye sauti tamu ambaye hakuwahi kuikanyaga Kisumu.

"Lakini dashboard yako iko green yote, Engineer," Terry alisema.

"Najua iko green. Nataka unielezee kwa nini iko green."

"Hiyo sasa hatuna ticket yake, hakuna fomu ya swali kama hilo. Watu hupiga ikiwa red."

"Hizi namba mnanitumia ni za kila sekunde?"

"Hapana, ni average ya lisaa. Tunazilainisha kidogo ndio zisikuchanganye."

Nekoye aliziba simu kwa kiganja, akapumua, akaifungua tena. "Nichanganye, mama. Nakuomba. Nitumie zote zikiwa hivyo hivyo, na kuanzia leo nataka kuziona moja kwa moja kwa simu yangu."

Ilimchukua simu tatu nyingine na barua pepe mbili, moja ikiwa na nakala kwa mkubwa wa Terry, mpaka namba zikaingia Jumanne alasiri. Alizifungua kwenye kompyuta, akauchora mstari wa joto, na pale pale akaelewa kwamba amekuwa akidanganywa. Mstari haukuwa shwari hata kidogo. Ulipanda hadi sabini na saba, sabini na nane, halafu ukaporomoka hadi thelathini kwa dakika nne, ukakaa hapo kidogo, ukaanza kupanda tena. Mara kumi na tisa kwa wiki moja. Ukichukua wastani wa saa nzima, homa na kipoza homa vinamezana, na Nairobi wanaona asilimia tisini na saba. Chuma kizito kuliko ng'ombe hakipoi kwa dakika nne, hata ukikiombea.

Akashuka kwenye chumba cha mashine. Zamu mbili zilikuwa zikipokezana, kwa hiyo alimkuta Walter, anayeingia asubuhi, akimkabidhi Frankline, anayeingia mchana. Akawauliza kama kuna mtu anayegusa vihisi.

"Labda ni upepo ya ziwa, madam," Frankline alisema. "Alasiri hii upepo hupiga sana."

"Upepo unaingia humu ndani kupitia wapi?"

Frankline alizitazama kuta nne zisizo na dirisha, akafikiri. "Basi labda ni network."

Walter alikuwa akifuta jicho. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na maandishi ambayo meneja aliyaandikisha mwaka jana kwa rangi nyekundu: USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA. Ukuta huo ulikuwa na ufa uliopita katikati ya neno la pili. Nekoye alipanda ngazi, akamwambia meneja kwamba namba mbili isimamishwe kesho asubuhi ifunguliwe, na meneja akamwuliza kama ameisoma karatasi iliyo mlangoni.

"Aol," Nekoye alisema. Alikuwa Mbukusu kutoka Kimilili, lakini miaka kumi na moja ya kupanga nyumba Migosi ilikuwa imemfundisha neno la Kijaluo la kuchoka, na hakuna lugha nyingine aliyoijua inayolisema hivyo kwa pumzi moja.

Jumatano asubuhi hakwenda popote. Alikaa mezani, simu imeegemezwa kwenye kopo la kalamu, akautazama mstari ukichorwa sekunde kwa sekunde. Saa tatu joto lilikuwa hamsini na tano. Saa tatu na nusu, sitini na sita. Nje magari yalikuwa yakipiga honi. Ilipofika saa nne kamili mstari uligusa sabini na tano. Nekoye alivua viatu vya visigino, akaichukua simu na kushuka ngazi miguu mitupu, taratibu, macho kwenye kioo. Sabini na sita. Sabini na saba.

Alimkuta Walter amechutama kando ya namba mbili. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni uliojaa barafu iliyopondwa, ameufunga kwa kitambaa, ameukandamiza juu ya kihisi kwa kiganja, kama mzazi anayemkanda mtoto kipaji cha uso usiku wa malaria. Alikuwa akihesabu kwa sauti ndogo.

"Baba Sheryl," Nekoye alimwita.

Walter alishtuka, mfuko ukamponyoka, barafu ikatawanyika sakafuni.

"Madam, si vile unafikiria."

"Ninafikiria nini?"

"Sijui. Lakini si hivyo."

Nekoye alitaka kupiga kelele. Tangu Jumanne alikuwa amejiwekea maneno makali ya siku kama hii, na sasa yalikuwa yamepanga foleni kooni. "Unapoza kipele," alisema. "Mashine inaungua na wewe unapoza kipele."

"Najua si mashine inapoa. Mimi si mjinga." Walter alijifuta jicho kwa mkono wenye maji. "Lakini kipele ndio inaandika. Ikifika eighty inalia. Ikilia, naandika barua. Nimeshaandika mbili, madam. Ya tatu naenda nyumbani. Nikienda nyumbani nikae Obunga, nani ataniandika kazi na hii jicho?"

"Na Frankline?"

"Yeye anatumianga chupa ya maji ya baridi. Mimi nilimwambia barafu ni poa."

"Baba Sheryl, hii beringi ikikwama, bomba linapasukia hapo. Hapo umechutama. Unataka kuipa na jicho lingine?"

"Naogopa," Walter alisema. Alilisema bila aibu yoyote. "Kila asubuhi nikifungua hiyo mlango, naogopa. Lakini gas inaweza kuja au isikuje. Barua haikosi kuja." Akainamisha kichwa, akaanza kuokota vipande vya barafu kimoja kimoja. "Na si ni wewe ulileta hiyo maneno ya barua?"

Yale maneno makali yote yaliyopanga foleni yalitawanyika. Nekoye alisimama pale, nyayo zikiganda kwenye maji baridi, na aibu ikampanda hadi masikioni. Alikuwa amewanunia watu wa Nairobi, amemnunia meneja, amewanunia wale kumi na wanne wa Amina, na muda wote huo homa ilifichwa kwa sababu yeye ndiye aliyeifanya homa kuwa kosa. Alileta kitu cha kumlinda mtu huyu, kisha akamfundisha kukiogopa kuliko amonia.

Simu ikasema sabini na tisa. Walter alimtazama, akautazama mfuko, akamtazama tena.

"Madam. Niweke? Mara ya mwisho."

"Acha ilie."

Ikalia. Walter alifumba macho, hata lile la kushoto. Nekoye aliunyoosha mkono juu ya kichwa cha Walter na kubonyeza kitufe chekundu, na namba mbili ikanguruma, ikagugumia, ikakwaruza mara moja kwa sauti mbaya na kunyamaza.

Kisha zikaja kelele za upande wa pili. Agneta, mchuuzi wa samaki kutoka Bondo, mwanamke mrefu asiyejua kungoja, alikuwa wa kwanza kusukuma mlango. Pikapu yake ilikuwa juani na mbuta nusu tani.

"Nyathina, mwanangu, barafu imesimama. Samaki yangu iko kwa jua na nyinyi mko hapa mnachezea maji?"

"Namba moja inaendelea, mama. Leo mtapata nusu nusu, na mtangoja. Hii nyingine ni mgonjwa."

"Si karatasi kwa mlango inasema iko sawa?"

"Tulikuwa tunaificha homa kwa barafu."

Agneta aliutazama mfuko sakafuni, akamtazama Walter, akaelewa kwa haraka kuliko Nairobi nzima. "Mficha ugonjwa, kifo humuumbua," alisema, akatoka kwenda kuwatangazia wenzake kwenye foleni kwamba wafunike samaki kwa magunia.

Meneja alifika akihema na kuuliza maswali sita bila kungoja jibu la lolote. Nekoye alimwambia kwamba ikiwa amekosea, yeye mwenyewe ataandika barua ya kuacha kazi jioni hiyo hiyo, na kwa kuwa ilikuwa barua, Bwana Oluoch alitulia. Waliitoa gesi kwanza, wakafunga vali, wakafungua mfuniko. Frankline aliitwa kutoka nyumbani kuja kusaidia. Ilipofika saa nane mchana beringi ilikuwa juu ya gazeti. Kizimba chake, kile kinachozishika gololi zisigongane, kilikuwa kimepasuka mahali pawili, na mafuta yaliyotoka yalikuwa na vumbi la chuma linalong'aa.

"Hii ingefika Ijumaa?" Walter aliuliza.

Nekoye aliizungusha beringi kwa kidole, ikakataa katikati. "Sidhani ingefika kesho."

Walter alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wenye maandishi, akakaa chini pale pale. Hakuna aliyemwambia ainuke.

Nekoye aliibeba beringi pamoja na gazeti lake na kuipeleka juu, akaiweka mezani kwa meneja, juu ya ripoti ya wiki. Bwana Oluoch aliitazama. Hakuwa mtu mbaya, na hakuwa amesahau alivyokuwa akiendesha gari Desemba ile huku Walter akilia nyuma kama mtoto. Alinyanyuka, akaenda mlangoni, akaibandua karatasi ya asilimia tisini na saba na kuikunja mara nne.

"Asante, Engineer," alisema. "Na hiyo naisema kwa roho yangu yote."

"Asante, Boss."

Akakaa tena, akavuta droo, akatoa faili ya kijani. "Sasa. Kengele imelia saa nne na dakika kumi na mbili. Barua iko wapi?"

Nekoye alidhani ni mzaha. Aliutazama uso wake akitafuta tabasamu, akaukosa.

"Boss, beringi iko mbele yako."

"Naiona. Lakini sheria ni sheria, na hii uliileta wewe ukiwa umesimama hapo hapo. Nikiruka mtu mmoja leo, kesho wote wataniambia kengele yao pia ilikuwa special. Zamu ilikuwa ya nani?"

Mtu anaweza kuchoka mpaka akapita upande wa pili wa hasira, akakuta kule kuna utulivu. Nekoye alifika huko. Alivuta kiti akaketi.

"Yangu."

"Wewe huna zamu."

"Leo nilikuwa nayo. Barafu ilikuwa kwa kipele, mimi ndiye niliyezuia irudishwe, mimi ndiye niliyesema ilie. Andika yangu."

Bwana Oluoch alilipima jambo hilo kwa kalamu, akiigonga gonga mezani. Lilikuwa na jina na lilikuwa na saa, na faili haikuhitaji kingine. "Basi lete kabla ya saa kumi," alisema. "Itakuwa yako ya kwanza."

Nekoye alimkuta Walter kwenye meza ya vifaa karibu na mlango wa nyuma, akinywa chai ya jikoni. Alikuwa ameshatoa karatasi ya mistari na kalamu, ameziweka mbele yake, na karatasi ilikuwa bado tupu.

"Nipe hiyo," Nekoye alimwambia. "Si yako. Ni yangu."

Walter hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alimsogezea karatasi, kisha akamsogezea na kikombe cha chai. Nekoye aliishika kalamu, akaitazama mistari. Alikuwa ameandika ripoti za kurasa arobaini maishani mwake, na hii ikamshinda.

"Baba Sheryl, inaanzaje?"

"Anza na 'Kwa heshima na taadhima.' Boss anapenda hiyo."

Nekoye akaandika. "Halafu?"

"Halafu unasema saa. Halafu unasema kengele imelia."

"Halafu?"

Walter alifuta jicho. "Halafu unasema ilikuwa makosa ya nani. Mimi hapo ndio hukwama. Ya kwanza niliandika ni stima. Ya pili nikaandika ni Mungu."

Nekoye alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha nyingi, kisha akainama juu ya karatasi. Hakukwama. Aliandika jina lake lote, Nekoye Waliaula, na chini yake tarehe ya ile siku ya Februari aliyopanda ngazi kudai barua.